Deiwaka wa Jumapili

Siku ya tisa ya likizo yangu ilinikuta kwenye benchi la mama lishe pale kituo cha daladala cha Makumbusho. Nilikuwa nimetumwa misumari ya kutengenezea kitanda cha mtoto, na simu iko sikioni namwelekeza mwenzangu wa ofisini faili fulani lilipo. Lilikuwa kwenye kompyuta yangu. Neno la siri nalijua mimi peke yangu. Folda lenyewe nililipa jina ambalo mwenye akili timamu asingelibuni, kwa sababu nililiandika saa mbili usiku nikiwa hoi. Tulihangaika hivyo robo saa nzima, chai yangu ikapoa.

Daladala ikaingia, ikasimama bila kuzima injini. Dereva akateremka, mtu wa makamo, shati limegandana na mgongo kwa jasho. Kijana mmoja akainuka chini ya mti, njiti ya meno mdomoni. Salamu zenyewe zilikuwa za kugusana bega tu. "Gia ya tatu inagoma, usiilazimishe," akasema yule mkubwa. "Breki anza kukanyaga mapema. Na hesabu haijafika hata nusu." Kijana akajibu, "Poa, suka. Kalale." Akapanda, konda akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka. Yote hayo hayakufika dakika moja.

Dereva akavua kandambili zake, akajinyoosha kwenye benchi lililokuwa nyuma yangu, akajifunika kofia usoni. Mpaka namaliza kutaja lile neno la siri, herufi moja moja, kwa sauti, mbele ya wateja wa supu, yule dereva alikuwa anakoroma.

Nilimwonea wivu, na wivu wenyewe ulinishangaza. Mimi ndiye mwenye mkataba wa ajira. Mimi ndiye niliyejaza fomu ya likizo, ikapigwa muhuri, nakala ikaingia kwenye jalada. Yeye hana karatasi hata moja. Lakini alipolala, kulikuwa na mtu ameshika usukani wake. Mimi wa kwangu nilikuja nao hadi Makumbusho, nimeutia mfukoni.

Kwa asiyepanda daladala, deiwaka ni dereva asiye na gari la kudumu. Anashinda kijiweni akisubiri dereva wa gari achoke, augue au apate msiba, kisha anashika tripu mbili tatu na kulipwa kwa tripu. Neno limetoka kwa Waingereza, likavuliwa koti na kuvalishwa kandambili. Wala sitaki kuupamba mpango huu. Ujira wa deiwaka unatoka mfukoni mwa dereva mwenyewe, na hesabu ya kila siku ya tajiri, mwenye gari, ipo palepale, mvua inyeshe, foleni ikatae. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyekaa miaka mingi akiwafuatilia watu hawa na kuchapisha kitabu chake mwaka 2017, anaeleza kuwa siku yao ya kazi ni kama saa 15. Piga hesabu kwa siku sita tu: saa 90. Sheria yetu inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Hawa wanafanya wiki mbili ndani ya moja. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Kwa dereva wetu, saa ya 55 inagonga siku ya nne, mchana, akiwa bado na abiria wa kuwashusha.

Hata hivyo, katika mazingira hayo hayo magumu, watu wa daladala wanajua jambo ambalo sisi wa maofisini hatulijui. Wanajua kwamba mapumziko yana sehemu mbili: wewe unayelala, na mwenzako anayekaa macho. Sisi tumeng'ang'ania sehemu ya kwanza tu. Ukifungua redio Jumamosi asubuhi, kuna mtaalamu anakwambia utenge muda wako mwenyewe, uzime simu, unywe maji, utembee ufukweni. Kwenye semina za kazini napo wimbo ni huo huo. Ushauri si mbaya. Nauliza tu: nikizima simu, faili atalitafuta nani? Mama wa watoto watatu akitembea ufukweni, maharage yaliyoko jikoni anayaangalia nani? Hapo mtaalamu huwa ameshaingia kwenye matangazo ya biashara.

Kwa maandishi, hatuna njaa ya mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatoa likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Inatoa saa nzima ya kupumzika kwa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wanapata likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka na mapumziko ya siku moja katika kila saba. Karatasi imejitahidi. Ila karatasi inampa mfanyakazi ruhusa ya kuondoka, haimkalishi mtu kwenye kiti alichokiacha. Ofisi ikiwa na mhasibu mmoja, dereva mmoja, muuguzi mmoja wa zamu, likizo yake ni kazi inayomsubiri. Akirudi anaikuta imeongezeka kama nguo chafu.

Ndiyo maana nimewaona watu wazima wanaogopa likizo. Kuna mzee mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi aliyekuwa akijaza fomu kila Desemba, na kila siku ya kwanza ya likizo unamkuta mezani kwake, amevaa shati la mikono mifupi badala ya tai. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti. Tulimsifu sana siku ya msiba wake. Mchapakazi, tukasema, mtu asiyejua likizo. Kisha tukamwombea apumzike.

Lugha yetu yenyewe inatuchongea. Mtu akitoka kazini tunampa pole. Pole na kazi, tunamwambia, neno lile lile tunalompa aliyefiwa na aliyejikwaa. Na ukilitazama neno kupumzika utaiona pumzi imekaa humo ndani: kupumzika ni kuirudia pumzi iliyokuwa imekatika. Waliotunga maneno haya walijua kazi inamfanya nini mtu. Halafu tazama kaulimbiu tulizozichora kwenye mabango. Uhuru na Kazi, mwaka 1961. Hapa Kazi Tu, 2015. Kazi Iendelee, 2021. Bango lenye neno pumziko sijaliona, isipokuwa la nyumba ya kulala wageni.

Woga huu wa kuonekana umekaa una historia yake, na sehemu ya historia hiyo iko Tanga, kwenye mkonge. Mashambani mule vibarua walipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Siku uliyofanya kazi iliwekwa alama. Siku uliyougua, uliyomzika mwenzako au uliyoamua kukaa haikuhesabiwa. Mwezi wa kalenda ungeweza kwisha, wewe mwezi wako ukawa bado unaendelea. Waliotoka mbali na kuandikishwa kwa namba waliitwa manamba, na jina hilo limebaki kuwa tusi mpaka leo. Msimamizi alipokuta mtu kakaa kivulini alikuwa na neno moja tu: mvivu. Sidhani kama neno hilo liliondoka na meli za wakoloni. Nimelisikia juzi likitoka kwa Mswahili mwenzangu, aliyeketi kwenye gari lenye kiyoyozi, akimwonyesha kidole kijana wa bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake, kichwa kwenye kiti cha abiria, miguu imepita juu ya usukani.

Kijana yule pengine ana mkataba. Kwa lugha ya vijiweni mkataba una maana moja: pikipiki ni ya tajiri, wewe unalipa kiasi fulani kila siku au kila wiki mpaka itakapokuwa yako. Ukiumwa malaria siku nne, deni la siku nne linakungoja. Mwenye kipande angelitambua jambo hilo mara moja. Na bodaboda mara nyingi hana deiwaka kama wa daladala, maana wenye pikipiki wengi hawataki ishikwe na mkono mwingine. Kwa hiyo analala juu yake, ameikumbatia, sikio moja linasubiri mteja. Ukiita, anaamka akiwa tayari ameshawasha. Unapanda. Sote tunapanda, nami nikiwemo, na hatumuulizi ameamka toka saa ngapi.

Kulikuwa na namna nyingine. Sehemu za pwani za zamani, Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mombasa ya Kale, maduka yalikuwa yakifungwa jua likishapita utosini. Watu wanaswali adhuhuri, wanakula, wanajilaza, kisha karibu na alasiri milango inafunguliwa tena moja baada ya nyingine, na jioni baraza zinajaa watu, kahawa na bao. Bado utakutana na desturi hii kwenye vichochoro ambavyo watalii hawajavimaliza. Wageni waliiandika kuwa uvivu wa joto. Mimi naiona kuwa ni hesabu safi ya biashara. Muuza vitambaa anafunga bila wasiwasi kwa sababu jirani yake kafunga, na wa pili yake kafunga, hakuna mteja atakayeibwa wakati amelala. Siku mmoja anapoacha wazi, wote wanaanza kulala kwa jicho moja. Ndivyo ilivyotokea kwenye mitaa ya maduka ya vinyago. Alianza mmoja.

Tena kuna arobaini. Mwanamke akijifungua, kwetu, hatarajiwi kushika ufagio. Watakuja mama yake, shangazi, dada, au jirani mwenye mikono mizito ya kumkanda kwa maji ya moto. Atapikiwa uji wenye pilipili manga. Kwa Wachaga atanyweshwa mtori mpaka ashindwe. Hakuna anayemwambia ajitengee muda, kwa kuwa muda wake umeshagawanywa: huyu anafua, huyu anapika, huyu anampokea mtoto usiku. Msibani ni hivyo hivyo. Mfiwa hapiki. Majirani wanaleta sufuria, kuni, na zile sahani za kikundi zenye alama ya rangi chini zisipotee. Deiwaka wengi, wote bila malipo, na zamu zao zinajulikana bila ratiba kubandikwa ukutani. Ikifika kwenye sheria, mama mzazi anapata siku 84, au 100 akiwa na watoto pacha, na baba anapata siku tatu. Siku tatu zinatosha kufuata cheti cha kuzaliwa na kupokea simu za pongezi. Walioiandika sheria bila shaka walidhani shangazi bado yupo nyumba ya pili. Shangazi yuko Kahama, na nauli imepanda.

Nikifika hapa ndipo wanaume wenzangu wanapoanza kutazama saa. Lakini waraka mmoja ulishayasema haya wazi kuliko mimi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo wengi tunalikumbuka kwa kutaifisha mabenki, lina ukurasa wa kuhesabu saa za kazi. Linampima mfanyakazi wa mjini, kisha linageukia kijijini na kueleza kwamba wanawake wa huko wanafanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Likizo, kwa neno hilo hilo. Nilipokuwa shule tulikariri vijiji vya ujamaa na njia kuu za uchumi, sehemu hii mwalimu aliiruka. Au labda kengele ililia.

Maana ya hesabu ile ni kwamba pumziko lipo nchini, tena lipo tele, ila limelala upande mmoja. Aliye barazani tangu saa nne asubuhi anaye deiwaka. Deiwaka yuko shambani, ana mtoto mgongoni.

Na mimi je? Nilirudi nyumbani na misumari, nikakuta kitanda kimeshategemezwa kwa tofali. Jumapili iliyofuata, bado niko likizo, nilitandika mkeka uani nikajilaza na gazeti. Upepo ulikuwa mzuri. Kasisi asubuhi ile alikuwa amesoma amri ya Sabato, na kwa mara ya kwanza niliisikia mpaka mwisho: haimwamuru mwenye nyumba peke yake apumzike, inawataja na watumwa wake, ng'ombe wake, hata mgeni aliye langoni. Nilikuwa nimefika ukurasa wa michezo nikasikia chapati ikigeuzwa. Binti anayetusaidia kazi alikuwa jikoni tangu tulipotoka kanisani. Kabla ya hapo alikuwa amewapigia watoto pasi nguo za kanisani. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimwona amekaa na mchana haujaisha, nikashindwa.

Nililala kwenye mkeka ule nikijua sasa nani ameshika usukani wangu. Mke wangu naye anaenda kazini kwa sababu ya mikono hiyo hiyo. Nyumba nzima inapumua kwa pumzi ya mtoto wa watu wa miaka ishirini na moja. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi namba 189, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Sheria yetu nayo haimsahau anayeishi hapo hapo anapofanya kazi, ingawa inaruhusu zile saa 12 za kupumzika zipunguzwe hadi nane kwa makubaliano ya maandishi. Kwetu hapakuwa na maandishi yoyote. Wala hapakuwa na saa nane, watoto wakiwa na homa.

Tulizungumza, mimi na mama watoto, tukamwita. "Mama, nimekosa nini?" ndilo neno lake la kwanza. Ilichukua muda kumwelewesha kwamba Jumapili ni yake na mshahara haukatwi. Akauliza nani atapika. Nikasema mimi. Alitazama chini, nadhani ili asicheke.

Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu, nisiwadanganye. Wali ulishika chini na juu haujaiva. Mtoto wa mwisho alikataa kuogeshwa na mtu asiyejua wimbo wa kuogea. Saa saba mchana nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya ofisini, na nusu ya uchovu wenyewe ulikuwa wa kutafuta vitu: chumvi inakaa wapi, taulo lipi la nani. Vyote hivyo vilikuwa kwenye kichwa chake, kama lile neno la siri lilivyokuwa kwenye kichwa changu. Hakuna aliyewahi kumwambia, kabla hujatoka tueleze gia gani inagoma. Na yeye hakwenda popote. Alivaa gauni lake zuri, akakaa kitandani na mlango wazi, mikono mapajani, kama anayesubiri basi. Kila sahani ikianguka jikoni alisimama. Mara mbili nilimrudisha. Mara ya tatu alijifanya anakwenda kunywa maji, akapunguza moto wa jiko alipopita.

Ya pili ilikuwa nafuu. Kabla hajatoka alituachia maelezo kwenye karatasi ya daftari: chumvi kwenye kopo la maziwa, mtoto haogi bila kijiko cha kuchezea, bomba la nyuma lifungwe kwa kitambaa. Akaimba na wimbo wa kuogea mbele yangu, polepole, nikaurudia. Kisha akaondoka saa tatu na mwenzake wa nyumba ya jirani, mimi sijui walikokwenda na sikuuliza.

Alirudi saa kumi na moja jioni, mahindi mawili ya kuchoma mkononi, miguu imejaa mchanga. Akaingia jikoni, akalishika sufuria nililoosha, akaligeuza, akaona masizi yote yako palepale chini. Akanitazama. Mkono ukaanza kwenda kwenye kopo la stilwaya.

"Kesho," nikamwambia.

Akaliweka chini, akanimegea hindi.